Nusu isiyochongwa: imani inaingia wapi katika kazi ya msanii?

Chukua karakana moja ya kuchonga, Tabora mjini. Ndani ya wiki moja zinaweza kuingia oda tatu. Paroko anataka tabernakulo, kisanduku cha kuhifadhia Ekaristi, kwa kanisa la kigango. Mganga wa tiba asili anataka sanamu ya mtu aliyesimama, kimo cha shubiri mbili, utosini iachwe na tundu la kuingia kidole gumba. Mwenye duka la sanaa Dar es Salaam anapiga simu kutaka "kitu chenye mambo ya kiroho", maana wateja wake wanakipenda. Zote tatu zitatoka kwenye mninga mmoja, kwa tezo na patasi zilezile, na majirani wakiulizwa watasema zote ni kazi za kiroho. Fundo linaanzia hapo. Neno hilo moja linafunika oda tatu ambazo masharti yake mbalimbali, hatari zake mbalimbali na bei zake hazilingani.

Tuliweke neno lenyewe mahali pake kwanza. Kiswahili hakikutupa nomino nyepesi ya jambo hili. Wapo wanaoandika "uroho wa msanii" kwenye karatasi za maonyesho wakidhani wamelipata. Wamemwita msanii mlafi. Tulicho nacho ni imani, ibada, mizimu, pepo, majini, mashetani, na kila neno lina wenyewe. Mzimu ni wa ukoo: una jina, una kaburi, una wajukuu wanaoukumbuka kwa unga na maji. Pepo humpanda mtu, hudai ngoma yake, kisha huteremka. Shetani wa mimbari na altare ni adui wa mwanadamu, ilhali shetani wa mchongaji wa Kimakonde ni kiumbe wa vituko, huenda ana jicho moja na masikio ya sungura. Msanii anayeyamimina yote kwenye chungu kimoja atawaudhi wateja watatu kwa sentensi moja.

Methali inasema kinyago cha kuchonga mwenyewe hakikutishi. Watu huitumia kwa kiongozi waliyempandisha wenyewe akaanza kuwafokea. Irudishe karakanani uisikie kwa maana yake ya kwanza. Fundi hakiogopi kinyago kwa sababu anajua ndani mna mbao, na anajua hata mahali nyuzi zilipomsumbua. Kama kuna cha kutisha, kimeingia baadaye kwa mkono wa mtu mwingine. Kazi ya ibada basi ina nusu mbili: nusu ya fundi, na nusu isiyochongwa. Matatizo mengi ya wasanii wa leo yanatokana na soko kumtaka fundi auze nusu zote mbili wakati anayo moja tu.

Kiti cha Buruku na sanamu za ng'ambo ya ziwa

Katika makumbusho ya Berlin kuna kiti kirefu cha Kinyamwezi kilichotoka Buruku, kazi ya karne ya 19. Kimechongwa kwa gogo moja: miguu mitatu iliyopinda, kikalio cha duara, na egemeo lenye umbo la mtu. Kimo chake ni zaidi kidogo ya mita moja. Kwa macho ya ufundi ni kazi ngumu sana, kwa kuwa egemeo jembamba na kikalio kipana vikitoka kwenye gogo moja hukauka kwa kasi tofauti na kuvutana. Kwa macho ya ibada, ugumu huo haukukifanya kiwe cha mtemi. Mtemi alikuwa na mambo yake ya kusimikwa, alikuwa na kibangwa, pambo la utemi la kombe la bahari, na alikuwa na mizimu ya watemi waliomtangulia, ambayo watu walitegemea iwaletee mvua. Fundi aliikabidhi mbao, na kiti cha enzi kikatengenezwa na walioingia baada yake.

Utawala wa machifu ulifutwa Tanganyika mwaka 1963. Tangu hapo fundi wa Unyamwezi anayechonga kiti kama hicho anamchongea mwenye hoteli, makumbusho, au familia inayotunza kumbukumbu ya babu. Umbo ni lile, nusu ya pili haipo, na hakuna ubaya wowote. Ubaya unakuja pale cheti cha mauzo kinapoandikwa "kiti cha mtemi" badala ya "kiti kwa mtindo wa viti vya watemi". Maneno matatu yaliyoachwa hapo yanaweza kumrudia fundi baada ya miaka kumi, kazi ikiwa mikononi mwa mnunuzi wa tatu.

Vuka Ziwa Tanganyika kutoka upande wa Kigoma, ushuke kusini, utawakuta Watabwa na sanamu zao ziitwazo mikisi. Huko mgawanyo wa kazi unaonekana waziwazi kuliko mahali pengine popote kwenye ukanda huu. Mchongaji anachonga. Mganga anaweka vizimba, yaani vile vitu vidogo vinavyoiwasha dawa, mara nyingi ndani ya tundu lililoachwa kichwani au ndani ya pembe ndogo. Kiswahili cha uganga kinalijua neno kizimba hadi pande zetu. Kabla ya vizimba sanamu ni umbo. Vikitolewa, inarudi kuwa umbo. Makumbusho ya Ulaya yamejaa sanamu zenye matundu matupu utosini, na kibao cha maelezo chini yake kinaendelea kuzungumzia nguvu zake. Ni sawa na kuonyesha redio iliyotolewa betri na kumwambia mgeni aisikilize.

Buha nako, ambako pepo mkuu Kiranga alikuwa na watu wake wa kubandwa, yaani wa kupandwa naye, na Unyamwezi kwa Waswezi, chama cha wanaopandwa na pepo, vitu vya chama vilikuwa mali ya chama. Fundi aliyevitengeneza hakupata kwa kazi hiyo haki ya kuvionyesha kwa wasio wanachama. Kwa msanii wa leo jambo hili lina uzito mpya kwa sababu ya kamera. Picha ya kitu cha ndani ikiwekwa mtandaoni kama mfano wa kazi zako, umetoa ruhusa usiyokuwa nayo. Uliza siku ya oda, kabla ya kushika tezo, na jibu liandikwe.

Oda ya paroko

Oda hii inaonekana rahisi, na ndiyo inayoharibika mara nyingi, kwa kuwa kila mtu anadhani anajua kanisa linataka nini. Tuanze na tabernakulo. Sheria za Kanisa za mwaka 1983, kanuni ya 938, zinataka liwe halihamishiki, limetengenezwa kwa kitu kigumu kisichoonyesha kilichomo ndani, na lifungwe kwa ufunguo. Sentensi hiyo moja inaua mapendekezo mengi mazuri. Mlango wa kioo haufai. Urembo wa matundu matundu unaopenyeza macho haufai, labda uwekwe ubao mzima nyuma yake. Kisanduku chepesi kilichowekwa juu ya meza bila kufungwa hakifai: acha matundu ya skrubu sakafuni mwa kisanduku, ndani, pasipoonekana.

Vipimo usivikisie. Omba siborio, kile chombo cha hostia, kubwa kuliko zote za parokia, ipime pamoja na kifuniko chake, ongeza sentimita 5 juu na mkono wa padre uweze kugeuka ndani. Mara nyingi utaishia na nafasi ya ndani ya sentimita 30 kwa 30, na kimo cha 40. Ubao wa mninga uliorandwa hadi sentimita 2 unatosha kwa kuta. Mlango ndio wenye hila. Mninga husifiwa kwa kutulia, na sifa hiyo ni ya haki, lakini ubao wa upana wa sentimita 30 bado hucheza milimita moja hadi mbili kati ya masika na kiangazi. Fundi anayeubana mlango mwezi Agosti, Tabora ikiwa kavu kabisa, ataitwa Januari: mlango umevimba, ufunguo hauzunguki, na Jumapili haimsubiri mtu. Acha mwanya wa milimita 2 kila upande wa mlango, na nyuzi za mbao zisimame wima ili mchezo wote uelekee upande wa bawaba na kitasa unaoweza kurekebishwa. Kitasa cha droo kinatosha, mradi kiwe cha funguo mbili.

Meza ya altare ina masharti yake pia. Altare ya kudumu, kwa mapokeo, uso wake ni wa jiwe. Maaskofu wanaweza kuruhusu kitu kingine imara na cha heshima. Kwa hiyo paroko anayesema "tuchongee altare ya mninga" anapaswa aulizwe kwa upole kama jambo limeshapita jimboni. Kuuliza hivyo ni kuulinda mti wa watu na malipo yako.

Kisha Njia ya Msalaba, vituo 14 vya mateso ya Yesu ukutani mwa kanisa. Hii ni kazi inayoweza kumlisha fundi miezi sita na kumtambulisha jimbo zima. Tuseme kila kibao kina sentimita 40 kwa 60 na unene wa 5. Vyote pamoja ni kama mita za ujazo 0.17, ongeza theluthi ya upotevu na uanze na mita za ujazo 0.23 za mbao zilizokauka. Mbao zinunuliwe kwa mkupuo mmoja, kwa kuwa mninga hutofautiana mno kwa rangi, kuanzia hudhurungi ya asali hadi nyekundu iliyoiva, na kituo cha sita kikitoka kwenye mti mwingine ukuta utakusema. Na hati ya kusafirishia mazao ya misitu ibaki kwenye faili lako, isiishie kwa dereva.

Upana wa sentimita 40 kwa ubao mmoja ni vigumu kuupata bila kiini cha mti kupita katikati, na kiini ndicho mama wa nyufa. Mti unapokauka husinyaa kuzunguka mduara wake karibu mara mbili ya unavyosinyaa kuelekea katikati, kwa hiyo lazima upasuke mahali fulani, na hupasukia kiini. Unga mbao mbili za sentimita 20, uweupe wa pembeni utolewe wote kwa sababu ndio chakula cha dumuzi. Kuhusu kukauka, wapasua mbao wana kanuni ya zamani: kama mwaka mmoja kwa kila inchi ya unene, kivulini, mbao zikiachanishwa kwa vijiti, ncha zikipakwa nta au rangi ya mafuta. Anayechonga umbo zima kutoka gogo nene hana miaka minane ya kusubiri. Basi alichimbe kwa nyuma, akitoe kiini, aache ukuta wa sentimita 3 hadi 4, na kila jioni aifunike kazi kwa mfuko wa plastiki pamoja na maranda yake ili isikauke kwa pupa. Vumbi la mninga huwasha ngozi na pua; kitambaa mdomoni ni lazima.

Usianze na kituo cha kwanza. Mkono hukua ndani ya kazi, na ukifuata mpangilio waumini watamwona Pilato akiwa mbovu na kaburi likiwa safi. Anza na cha nne, nenda cha tisa, rudi cha pili. Tofauti itatawanyika isionekane. Kabla ya hapo nenda kanisani saa ya misa uone mwanga unatoka wapi. Mwanga wa dirisha la ubavuni hukuza mchongo wa sentimita 2 ukaonekana wa nne. Mwanga wa taa ya mbele huusawazisha ukawa kama karatasi.

Na sasa jambo ambalo wachongaji wengi hawaambiwi. Kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki, kinachohitajika ili Njia ya Msalaba iwepo ni misalaba 14. Picha na michongo ni desturi njema inayoongezwa. Parokia maskini inaweza kuwa na misalaba mitupu ukutani na ibada ikatimia. Parokia yenye michongo ya kupendeza isiyo na misalaba bado ina deni. Msalaba mdogo wa sentimita 10 juu ya kila kibao, ambao fundi huwa anamwachia mwanafunzi wake, ndio kiini cha oda. Nusu isiyochongwa hapa imekaa juu ya kijiti kidogo, na miezi sita ya patasi imekaa pembeni kama msindikizaji. Fundi mwenye moyo mwepesi atachukia kusikia hivyo. Fundi anayejua kazi atauchonga ule msalaba mwenyewe.

Mwisho wa kung'arisha, tumia kilichopo nyumbani: nta ya nyuki, ambayo misitu ya miombo ya Tabora inayo kwa wingi. Yeyusha gramu 100 za nta iliyochujwa kwa kitambaa ndani ya bakuli lililokaa kwenye maji ya moto, liondoe kabisa karibu na moto, ndipo utie mililita 300 za tapentaini. Paka nyembamba, mara mbili au tatu, ukisugua kila baada ya siku. Wanaopaka nene wakitaka ing'ae haraka hujuta chini ya bati la moto: nta hulainika, hushika vumbi na moshi wa mishumaa, na baada ya Pasaka mbili Bikira Maria amekuwa mweusi kwa masizi.

Ujiji na herufi

Ujiji na Tabora mjini ni miji ya zamani ya Kiislamu, yenye misikiti, madrasa na tarika. Huko oda ya ibada haina sura ya mtu wala mnyama. Ina herufi, mapambo ya majani na maumbo ya hesabu. Wengi hudhani basi ni rahisi zaidi, na hapo ndipo wanapoharibu ubao mzima.

Kosa la kwanza ni la kunakili. Mtu ambaye hasomi Kiarabu hupewa karatasi, huigeuza ili kalamu ipite nyuma, na maandishi yanatoka kinyume kama kwenye kioo. Kosa la pili ni nukta. Herufi nyingi za Kiarabu hutofautishwa na nukta tu, na nukta iliyochongwa kwa kuinuliwa ni kisiwa kidogo cha mbao ambacho nyuzi zake zimekatwa pande zote. Inang'oka. Ikishang'oka neno limebadilika, na katika aya hilo si jambo la gundi na kunyamaza. Iache nukta iwe na upana usiopungua mara moja na nusu ya kina chake, iteremke kwa mteremko badala ya ukuta wima, na ichongwe mwanzo wakati mbao inayoizunguka bado inaishikilia. La tatu ni mahali. Aya na majina ya Mwenyezi Mungu hayawekwi chini ambako mguu utapita wala pasipo na tohara. Fundi anayepamba kizingiti au kiti kwa maandishi kama hayo amejiletea mkutano asioutaka. Mwonyeshe sheikh karatasi kabla ya kuchonga, mwonyeshe tena baada ya kuchora juu ya mbao, na usianze mpaka aisome kwa sauti mwanzo hadi mwisho.

Kama kazi inahusu mlango wa zamani, simama kidogo. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inailinda milango na miimo iliyochongwa nchini kabla ya 1940. Kuukarabati na kuutuma mlango kama huo nje bila kibali ni kosa, hata kama mwenye nyumba kakuuzia kwa hiari yake.

Mashetani walipopata mteja

Tukirudi kwa yule mwenye duka la Dar es Salaam: anachotaka kina historia, na inasaidia kuijua ili msanii asiuze asichokielewa.

Mtindo wa mashetani katika uchongaji wa Kimakonde ulishika miaka ya 1950 Dar es Salaam, na jina linalotajwa kwanza ni la Samaki Likankoa, aliyekuwa akimuuzia mfanyabiashara Mohamed Peera. Hadithi za kuzaliwa kwa mtindo huo zinasimuliwa kwa namna kadhaa, lakini mazingira hayabishaniwi: mpingo, mchongaji, mnunuzi, na wateja waliopenda maumbo ya ajabu. Mashetani wenyewe ni wa kale katika masimulizi. Kuwaweka kwenye mpingo kwa ajili ya rafu ya nyumba ya mgeni kulikuwa jambo jipya la mjini. Haina maana kwamba ni uongo. Ina maana kwamba ilikuwa sanaa ya masimulizi tangu mwanzo, na haikuwahi kuwa chombo cha ibada.

George Lilanga, aliyezaliwa 1934 upande wa Masasi, ndiye anayefaa kusomwa kwa makini na kila kijana anayeuliza namna imani inavyobeba kazi ya msanii. Alianza kwa kuchonga. Alipofika Dar es Salaam alipata kibarua cha ulinzi Nyumba ya Sanaa, kituo kilichoanzishwa 1972 na Sista Jean Pruitt wa shirika la Maryknoll, kisha akaingia ndani kama msanii. Mashetani wake waliteremka kutoka kwenye mpingo wakaenda kwenye ngozi ya mbuzi, kwenye karatasi, kwenye mbao za rangi kali. Mwaka 1978 kazi zake zilionyeshwa Washington. Lakini tazama mashetani hao wanafanya nini: wanacheka, wanakula, wanagombana, wanabebana. Ni mtaa wa Kiswahili uliovalishwa masikio makubwa. Nguvu yake ilitoka kwenye kuangalia watu, na jina la mashetani lilimpa ruhusa ya kuwacheka bila kumtaja mtu. Uzeeni kisukari kilimchukua miguu, na kazi nyingi zilipitia mikono ya wasaidizi wa karakana, alifariki 2005. Wanunuzi wakaanza kuuliza ipi ni ya mkono wake, na swali hilo halijibiwi kwa habari za kiroho. Linajibiwa kwa daftari: tarehe, kipimo, nani aliandaa ubao, nani alichora, nani alijaza rangi.

Mfano wa upande wa pili ni Cyprien Tokoudagba wa Abomey, Benin, aliyezaliwa 1939 na kufariki 2012. Yeye alikuwa fundi wa mahekalu ya vodun, jina la miungu ya jadi ya huko na la dini yake: michongo ya udongo ukutani na rangi, kwa waliomwagiza wa dini hiyo. Mwaka 1989 Jean-Hubert Martin aliandaa Paris maonyesho makubwa yaliyowaweka wasanii wa Ulaya na Marekani bega kwa bega na mafundi wa ibada kutoka sehemu nyingine za dunia, na Tokoudagba akawa mmoja wao. Baada ya hapo alichora pia kwenye turubai, alama zilezile zikiwa peke yake katikati ya uwanja mweupe. Hakuhamisha hekalu. Alihamisha alama zinazomwambia mpita njia ni vodun gani anakaa humo, na ndani ya hekalu kukabaki ndani ya hekalu. Huo ndio mpaka ambao wengi hapa kwetu hawauchori, halafu wanashangaa wazee wakikasirika.

Sanamu yenye tundu utosini

Oda ya mganga ndiyo inayohitaji tahadhari ya kisheria, na fundi asiione kama oda ya kigoda. Sheria ya Uchawi ni ya tangu 1928 na bado ipo, Sura ya 18. Tafsiri yake ya kifaa cha uchawi ni pana sana: inabeba hata kitu kinachodaiwa tu kuwa na nguvu zisizo za kawaida. Inakataza kukitengeneza, kuwa nacho na kumpatia mtu mwingine. Uganga wa tiba asili wenyewe una sheria yake ya mwaka 2002 na baraza linalosajili waganga. Kwa hiyo swali la kwanza kwa mteja huyu ni cheti cha usajili. La pili ni risiti, nayo iandikwe kilichopo: sanamu ya mbao, mninga, sentimita 45, tundu la kipenyo cha sentimita 2.5 na kina cha 4. Kinachoingia kwenye tundu hakikuhusu, wala usikubali kikae karakanani kwako hata usiku mmoja.

Ajabu ni kwamba anayejiweka hatarini zaidi mbele ya sheria hiyo anaweza kuwa yule wa duka la sanaa. Anayeandika kwenye tangazo kwamba kinyago chake "kina nguvu za mababu za kuleta utajiri" amekidai kwa maandishi, tena mtandaoni.

Karatasi ya maelezo

Msanii wa sasa huombwa karatasi ya maelezo kila anakopeleka kazi, na humo ndimo nusu isiyochongwa inapouzwa kwa rejareja. Mwenye jumba la maonyesho anataka sentensi kuhusu mambo ya kiroho. Msanii, kwa kutaka kumridhisha, anaandika kwamba mizimu humwongoza mkono. Labda ni kweli kwake. Lakini msomaji wa Tabora atauliza mizimu ya nani, kwa idhini ya ukoo upi. Na kama msanii ni mzee wa kanisa au mwalimu wa madrasa, karatasi ile itafika nyumbani kabla yake.

Andika mambo yanayoweza kushikwa. Badala ya "kazi hii ina roho ya wahenga", sema: "Umbo hili linafuata viti vya watemi wa Unyamwezi, limechongwa kwa mninga wa gogo moja, halijatumika katika ibada yoyote." Kama ulijifunza kwa mtu wa chama au ukoo, mtaje kwa ridhaa yake na useme ulichoruhusiwa kuonyesha. Kama kazi ilibarikiwa kanisani, sema ilibarikiwa, lini na wapi, maana kitu kilichobarikiwa hakitendewi kama mapambo. Na kama imani yako ndiyo iliyokufanya uchague kazi hii badala ya ile, sentensi moja inatosha. Ukizidisha unaanza kuomba sadaka.

Usizeeshe kazi kwa moshi na tope ili ionekane imetoka madhabahuni. Ni udanganyifu, na pia ni ujinga wa kibiashara: kitu kinachofanana na kifaa cha kale cha jamii hukamatwa mpakani ukaanza kuthibitisha kwamba ulikichonga mwezi uliopita. Piga picha za hatua, angalau gogo, umbo la awali, na kazi iliyokamilika, ndani ya kila picha kuwe na rula. Kuhusu miti, mpingo unaangaliwa na CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe walio hatarini, tangu 2017, mkurungu ulifuata 2019, na mninga ukaingia kwa uamuzi wa 2022. Anayetuma magogo au mbao nje aulize maliasili kwanza.

Siku ya kukarabati

Kazi hurudi. Tabernakulo litarudi kwa sababu ya kitasa, na hapo fundi haendi kulifungua mwenyewe hata kama ufunguo ameupewa. Padre anaitoa Sakramenti, analiacha tabernakulo wazi, ndipo skrubu zinafunguliwa. Ubao wenye aya ulioharibika kabisa hautupwi kwenye maranda ya kuwashia jiko: mrudishie sheikh aamue uzikwe au uchomwe. Sanamu yenye tundu ikirudi, irudi tupu, na aliyeijaza ndiye akitoe alichoweka, akiwa nje ya geti lako. Ile ya duka la Dar es Salaam ikirudi na ufa kwa sababu imekaa chumba chenye kiyoyozi, usijaze gundi na unga wa mbao, kwani ufa utafunguka tena msimu ukigeuka na kuichana gundi. Chonga kipande chembamba cha mninga kifuate ufa, nyuzi zielekee upande mmoja na za kazi, gundi upande mmoja tu wa kipande, na uandike kwenye daftari tarehe na urefu wa ufa kwa milimita.